Uso Wangu wa Dakika Nne

Kuna kipindi ambapo kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilikuwa najua inamchukua mtu wa Frankfurt sekunde ngapi kufungua ukurasa wangu. Simjui mtu hata mmoja Frankfurt. Nilijua pia habari za Singapore, za São Paulo na za Sydney. Sydney ndiyo iliyonikera, maana ilikuwa inakaribia sekunde mbili, na nilikunywa chai yangu nikiwaza jinsi ya kuwapunguzia mateso watu wa Sydney.

Nilikuwa Kitshanga wakati huo, mashariki mwa Kongo, katika duka la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi, mwenye malori mawili na pikipiki kadhaa. Kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu karatasi, kuwachajia simu, na kuhakikisha mbuzi hawaigeuzi antena ya intaneti iliyowekwa uani. Siku moja patron, yaani bosi wangu huyo, akanipandisha cheo: nimtengenezee tovuti ya kuwaambia watu malori yanaondoka lini, na barabara za Masisi na Walikale zikoje wiki hiyo, wapi kuna matope, wapi daraja limekwenda na maji.

"Uandike kifupi," aliniambia. "Watu wanataka kujua njia inapita ao haipiti. Njo basi."

Njo basi, yaani hayo tu! Mimi niliyesoma informatiki miaka miwili Goma, niandike "inapita" na "haipiti" halafu nikae kimya? Kwanza niliweka picha. Picha yangu. Nimesimama mbele ya lori la patron, mikono nimeikunja kifuani, shati jeupe la kuazima, kidevu kimeinuka kidogo kana kwamba lori ni langu na barabara pia. Niliiweka juu kabisa ya ukurasa, nzito vilevile ilivyotoka kwenye kamera, kwa sababu kila nilipoipunguza niliona macho yangu yanapoteza ukali. Barabara zilianza chini ya viatu vyangu. Mtu aliyetaka kujua kama daraja lipo, ilimbidi kwanza anipite mimi.

Patron aliitazama muda mrefu. "Lori yangu imetoka muzuri," akasema. Ni mtu wa adabu.

Halafu nikagundua kwamba kuna huduma za bure za kukupimia tovuti. Wana mashine zao katika miji mbalimbali ya dunia. Kila baada ya dakika chache kila mashine inafungua ukurasa wako, inapima muda, na inakuwekea doa kwenye ramani: la kijani ukifunguka haraka, la njano ukisuasua, jekundu ukichelewa. Siku niliyoiona ramani ile sikula mchana. Dunia nzima ilikuwa inanifungua mimi, usiku na mchana, bila kuchoka. Afrika ilikuwa na doa moja tu, kule Johannesburg. Kongo haikuwa na doa, na Masisi na Walikale ndiyo usiulize. Nafasi ile tupu niliitazama kila siku, na haikunijia hata mara moja kwamba wasomaji wangu wote wako ndani yake.

Waliokuja kuchaji simu niliwaonyesha kwa nguvu. Mama mmoja wa Bihambwe nilimwonyesha São Paulo, nikamwambia huko ukurasa wetu unafunguka kabla mtu hajapepesa macho. Akauliza kama huko wanalima maharage. Nikasema sijui. Akauliza kama simu yake imejaa.

Kitu kimoja tu kiliniharibia raha. Huduma ile ilipima pia wageni halisi, watu wenye simu zao, na ikatoa wastani wa wiki. Kulikuwa na mgeni mmoja aliyekuja kila Jumapili mchana, na ukurasa wangu ulimchukua dakika nne. Si sekunde nne. Dakika! Kwenye mchoro wangu mzuri uliolala chini, yeye alisimama peke yake kama msumari. Ramani ilikisia kwamba yuko Nairobi, lakini intaneti ya setelaiti hushukia popote inapotaka, kwa hiyo makisio yale hayakuwa na maana. Niliamini ni kompyuta mbovu ya mtu mzembe. Nilimchukia kabisa. Nilikuwa nikiongea naye peke yangu dukani: bwana, tafuta kompyuta nyingine, bwana, Jumapili si uende kanisani?

Mwishowe nikamtafutia dawa. Niliiwekea tovuti sheria: asiyemaliza kuufungua ukurasa kwa sekunde thelathini, akatwe. Aliyekatwa hahesabiwi. Jumapili iliyofuata msumari haukuwepo. Wastani ukashuka, kila kitu kikawa kijani, nikajinunulia soda mbili na zote nikanywa mwenyewe.

"Papa," nilimwambia patron, "sasa dunia yote iko kijani."

"Na Walikale?"

Nikamwambia Walikale haimo kwenye ramani. Akasema "Aaa," akachukua rozari yake, akaenda misa.

Sasa niseme habari za mama yangu. Alikuwa amehamia kwa dada yangu upande wa Walikale, kijiji ambacho kutoka Pinga ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Nilikuwa sijafika huko kwa miaka mitatu. Nilikuwa na sababu, nayo ni barabara, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa barabara, hakuna aliyeweza kunibishia. Kijijini hakuna mtandao wa simu. Kuna kituo cha afya chenye antena, na muuguzi huwafungulia watu intaneti kwa muda wa saa moja kila Jumapili baada ya ibada, simu zote za kijiji zikivutana mahali pamoja. Mama hana simu na hajui kusoma. Salamu zake zilinifikia kupitia simu ya katekista, mwalimu wa dini wa pale kijijini.

Wiki ileile ya ushindi wangu, ujumbe wa katekista uliingia: "Mama anauliza kama uko muzima." Niliuona. Sikutaka kumjibu mama kwa neno moja. Nilitaka kumwandikia barua ya maana, ndefu, siku nikitulia. Wiki iliyofuata ukaingia mwingine: "Mama anauliza tena." Nikazidi kuipanga ile barua kichwani. Wiki ya tatu haukuingia kitu, nikashukuru kwamba mama ametulia.

Jumatano, saa sita mchana, pikipiki ilisimama mbele ya duka. Abiria alikuwa mama mzee mwenye matope mpaka kiunoni, kuku chini ya kwapa, na mfuko wa maharage umefungwa nyuma ya kiti. Nilimwambia bila kuinua kichwa kwamba kuchaji ni mpaka saa kumi. Nilipoinua kichwa, nikamwona mama yangu.

Alimweka kuku juu ya mashine ya kuchapa. Akanishika nywele, akashusha mkono taratibu: paji la uso, nyusi, macho, pua, mdomo, kidevu. Akanipapasa mabega, akaikamata mikono yangu yote miwili, akaigeuza. Kisha akanipiga kofi.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, Mama."

"Sasa juu ya nini unaishiaka hapa?" Akaweka kidole juu ya nyusi zangu na kukikandamiza.

Patron alileta kiti na maji. Mama akakaa, akanywa, ndipo akatueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutafuta mahali pa kuweka macho. Kila Jumapili, watu wenye safari walikusanyika kuizunguka simu ya katekista wasikie habari za barabara. Ukurasa wangu ulifika polepole kutoka juu: kwanza nywele, halafu paji la uso, halafu macho. Maandishi ya barabara yalikuwa mepesi, yalifika mapema chini kule, na katekista angeweza kuyasoma papo hapo. Mama ndiye aliyemkataza. Kwetu mtu akifika haulizwi habari akiwa bado mlangoni. Anapewa kiti, anapewa maji, anatulia, ndipo anaongea. "Mutoto angali anafika," aliwaambia. "Mumungojee akae kwanza."

Na watu wazima wakaningoja. Walishazoea. Mikono yangu iliyokunjwa ilipofika, mmoja alisema "Amekaa," wote wakanisalimia, ndipo katekista akaanza kusoma kama madereva wanapita ama hawapiti. Hizi ndizo dakika nne zangu. Hii ndiyo kompyuta mbovu ya Nairobi.

Halafu Jumapili moja nikakomea kwenye nyusi.

"Tulingoja saa yote," mama alisema. "Watu walikasirika. Jumapili ingine, tena nyusi. Mwenye pikipiki mumoja akasema, mama, wacha asome tu. Nikamwambia, habari ya njia inatoka kwa nani? Kwa nyusi?" Akamgeukia patron. "Papa, kichwa ya mutoto inafika, mwili haifike. Nikatuma katekista aulize. Hajibu. Mara ya pili, hajibu. Wewe ungefikiri nini?"

Patron alinitazama juu ya miwani yake. "Njo mutu wa dakika nne huyu?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Siku naondoka," mama akaendelea, "nilimwambia katekista, sasa soma, hata bila yeye. Akasoma: Pinga mpaka Mweso, njia inapita." Akainua kitenge chake kizito kwa matope, akanionyesha. "Inapita wapi?"

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Neno hilo "inapita" nililiandika wiki nyingi nyuma na kuliacha palepale, kwa sababu kumuuliza dereva hali ya daraja hakubadilishi rangi ya doa lolote kwenye ramani. Daraja moja lilikuwa limevunjika. Mama alivuka mto mgongoni kwa kijana asiyemjua, yeye akiwa amemweka kuku kichwani. Nilikuwa nimezoea kujicheka kila ninapokosea, ni njia yangu ya kutoroka, lakini siku ile nilijaribu kucheka na badala yake nikalia, mbele ya wateja na mbele ya kuku. Ningeweza kumuua mama yangu kwa neno moja la kijani.

Jioni ile nilikaa kwenye kompyuta, mama akiwa pembeni yangu. Niliiondoa sheria ya kukata. Nikachukua picha yangu niipunguze, nikamweleza kwa majivuno yaliyokuwa yamebaki kwamba sasa nitafika kijijini kwa sekunde tano.

Alifikiri. "Sekunde tano ni ngapi?"

Nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Na mimi nitakuangalia saa ngapi?"

"Picha itabaki palepale, Mama. Haiondoki."

"Hapana. Ukifika mbio, katekista atasoma njia, watu watakwenda, atafunga simu yake. Ile wakati ya kukungojea, njo nilikuwa nakuona." Akavuta kitenge chake magotini. "Miaka mitatu, sina ingine."

Sikuipunguza picha. Nilihamishia barabara juu, maneno matupu, mwenye haraka asome aende zake. Na mimi nikajishusha chini kabisa, mzito vilevile, kwa anayetaka kungoja. Kesho yake nikamwomba patron ruhusa. Akanipa pikipiki na dereva mmoja, akanipa na daftari. "Hiyo njia uiandike na macho yako," akasema.

Niliiandika. Kila shimo, kila gogo, lile daraja, yule kijana na mgongo wake. Kutoka Pinga tulitembea kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma nikihema kama ng'ombe wa mnadani, shati jeupe likiwa halijulikani tena rangi yake. Tulifika Jumapili, ibada imekwisha, watu wamejaa mbele ya kituo cha afya. Walinishangaa kidogo. Mmoja akasema kwenye simu mimi ni mnene zaidi.

Intaneti ilipofunguliwa nikayaingiza ya daftari kwa simu yangu, ndipo katekista akafungua ukurasa. Barabara zikaja mara moja, nikazisikia zikisomwa, na wenye safari wawili wakaondoka wakiwa wamebadili njia. Wengine walibaki. Mama akasogea karibu na simu, akakunja shingo, na nywele zangu zikaanza kufika. Nilisimama nyuma yake, karibu kabisa, nikamgusa bega.

"Mama, niko hapa."

"Nyamaza kwanza," alisema bila kugeuka. "Bado haujafika."

Nikanyamaza, nikajingoja pamoja nao.