Sista Aliyepima Uchungu kwa Gorogoro

Jumanne iliyopita nilikuwa Kanduyi, kwa kinyozi, nikingoja zamu yangu, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ulikuwa mfupi: mama ametutoka alfajiri, anazikwa leo baada ya adhuhuri. Aliyeutuma ni binti wa muuguzi mmoja mstaafu wa Kitale. Wengi wenu hamkumjua, ila waliowahi kupasuliwa katika hospitali aliyofanyia kazi watamkumbuka kwa swali lake. Alikuwa Mwislamu, na Waislamu hawacheleweshi maiti. Nilipofika nyumbani kwake Matisi, watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wameketi kwenye mikeka, nami nikabaki kupokea chai na kutoa pole. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia, kwani hakuwa ndugu yangu wala jirani. Alikuwa mtu aliyewahi kunifukuza wodini, na nilistahili kufukuzwa.

Miaka sita iliyopita baba yangu, mkulima wa miwa na mahindi kule Kabuchai, alipasuliwa huko Kitale kwa sababu ya utumbo uliojisokota. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Siku ya pili, saa za kuwaona wagonjwa, tulikizunguka kitanda chake: mimi, ami zangu wawili, na wazee watatu waliotahiriwa naye mwaka mmoja. Asiye wa kwetu huenda asijue uzito wa jambo hilo. Mbukusu aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho hawezi kuguna mbele ya watu walewale waliomshuhudia, hata kama ni miaka hamsini baadaye. Baba alilala kimya, jasho limemtoka juu ya mdomo, anapumua kwa juu juu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Sisi tuliona ushujaa, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ndipo muuguzi huyu, sista kama tulivyomwita, akaja na faili yake. "Baba, unasikia uchungu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

Nikadakia mimi, kifua mbele: "Sista, huyu mzee si mtu wa kulialia. Haumwi."

Akanitazama. "Kwani ni wewe umeshonwa?"

Kisha akatutoa sote nje, wazee na bakora zao. Mmoja wao alinung'unika njia nzima, "Ati tunafukuzwa na mtoto wa juzi, bana." Nami nilimsubiri sista kwenye veranda nikiwa nimefura. Alipotoka hakubishana nami. Alifungua faili akanionyesha mahali daktari alipoandika sindano ya kutuliza maumivu, na mbele yake neno moja: ikihitajika.

"Mimi nimeingia zamu leo," akasema polepole. "Tangu huyu mzee apasuliwe hajapata hata sindano moja, kwa sababu kila anayemuuliza anamuuliza mbele yenu. Mtu akiwa na uchungu wa tumbo hivi, hakohoi. Asipokohoa, makohozi yanakaa kwa kifua. Nyinyi mtasema mzee alikuwa mgumu, halafu mtamzika na nimonia."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa karibu kuwa chetu. Sista akarudi ndani, nami nikasimama mlangoni, mahali ambapo baba hakuweza kuniona. Sista hakumuuliza tena kama anaumwa. Alivuta kiti, akamuuliza habari za shamba, kama mvua ilikuwa imeharibu mahindi, kama panya walikuwa wengi ghalani. Baba alijibu, neno moja moja. Ndipo akamwambia, "Sasa huo mzigo uko kwa tumbo nipimie, baba. Ni gorogoro, ni debe, ama ni gunia?"

Huku kwetu kila mtu anajua kupima mahindi. Gorogoro ni lile kopo la sokoni, la kilo mbili, na hakuna mwanamume anayeaibika kusema amevuna nini. Baba akasema, "Ni gunia. Na imejaa, haiwezi kushonwa." Akadungwa sindano. Baada ya nusu saa sista alimkunjia blanketi, akamwambia alikumbatie tumboni na akohoe. Akakohoa. Kesho yake alitembea hadi dirishani, na hadi leo analima.

Nimelifikiria sana lile neno, ikihitajika. Dawa ipo kabatini, daktari ameiruhusu, lakini mtu wa kwetu lazima kwanza aombe, na sisi tumemfundisha tangu ujana kwamba kuomba ni aibu. Hata mama aliyejifungua kwa kupasuliwa huambiwa ashukuru, mtoto amempata, uchungu gani tena. Siidharau mila yetu, nami mwenyewe nilisimama. Lakini kisu cha tohara ni cha asubuhi moja, na ujasiri wa asubuhi moja tumeugeuza kuwa sheria ya maisha yote. Tena wanaoisimamia sheria hiyo kwa ukali zaidi ni sisi wenye afya, tuliosimama kandokando ya kitanda.

Wiki mbili kabla ya kifo chake, sista naye alipasuliwa, katika hospitali moja hapa Bungoma. Tangu siku zile za baba tulikuwa tumebaki kujuana, basi nilikwenda kumjulia hali. Mabinti, wakwe na majirani walikuwa wamejaa. Binti mkubwa akanipokea kwa furaha: "Mama yuko sawa. Si unajua alikuwa nesi, hasumbui watu. Hana uchungu." Sista alitabasamu bila kufungua mdomo. Juu ya mdomo ule niliona jasho.

Nikawaomba wote watoke kidogo. Walinishangaa, lakini wakatoka. Nikavuta kiti. "Sista, nipimie."

Alifumba macho. "Debe," akasema. Kisha, "Nadanganya. Ni gunia." Machozi yakamtiririka hadi masikioni. "Tangu juzi wewe ndio wa kwanza kuniuliza."

Nikaenda kumwita muuguzi wa zamu.

Msomaji wangu, ukienda kumwona mgonjwa wako, usimjibie. Na ukiona amenyamaza kwa sababu yako, toka nje, aulizwe.