Kibanja Chenye Jina Refu

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, upande wa Kihanga, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanawake wenye mashauri ya ardhi. Mimi nilikuwa fundi wao wa kompyuta. Nilipita kila Jumatatu kwa pikipiki, nikapuliza vumbi kwenye seva, nikanywa chai, nikaondoka. Seva ninayoisema ni kompyuta ya kawaida tu iliyokaa chini ya meza ya katibu, lakini tuliiita seva na yenyewe ikaheshimika.

Bakapu niliipanga mwenyewe. Kila siku saa saba mchana, watu wakila, programu ilinakili kila kitu kwenye diski ya nje iliyokuwa juu ya kabati. Nilijivunia kazi ile. Kero ilikuwa moja: kila siku programu ilinitumia ujumbe mwekundu kwamba faili kadhaa hazikunakiliwa kwa sababu njia ya kuzifikia ni ndefu mno. Niliusoma mara mbili tatu, nikaona ni faili chache katika maelfu, nikaweka alama kwenye kisanduku cha "ruka faili zenye makosa". Ujumbe ukakoma. Nikalala usingizi mzuri kwa miezi minane.

Jumatatu moja katibu alinipigia simu nikiwa bado nyumbani. "Fundi, njoo. Seva inagonga kama mtu anatwanga." Nilipofika diski ya ndani ilikuwa imekufa, au karibu na kufa. Nikafunga mpya, nikarudisha kila kitu kutoka bakapu, na kabla ya saa sita ofisi ilikuwa inafanya kazi. Nilitembea mle ndani kifua mbele. Nilimwambia katibu kwamba watu wa mjini wangemtoza hela ndefu na bado wangempotezea vitu.

Ndipo akaingia mama mmoja kutoka Nyabiyonza, mjane, amevaa kitenge kilichonyooshwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata ile sauti."

Katibu akanieleza. Mume wa huyu mama, kabla hajafa, alitoa wosia mbele ya wazee wa ukoo, na katibu alimrekodi kwa simu, akaihamishia sauti kwenye seva na kuifuta kwenye simu. Karatasi ya wosia ilikuwepo, ila shemeji zake mama walisema dole gumba lililopigwa pale si la kaka yao. Shauri lilikuwa linasikilizwa kesho yake asubuhi. Bila sauti ile, mama angetoka kwenye kibanja alichokaa tangu aolewe.

Katibu akaifungua folda. Ilikuwa tupu.

Nilijua papo hapo. Bado nilijifanya natafuta, nikafungua hiki na kile, kisha nikafungua orodha ya makosa niliyoinyamazisha. Faili ilikuwa pale, imeandikwa siku baada ya siku: njia ndefu mno, imerukwa. Miezi minane programu ilikuwa inaniambia, na mimi nimeiziba mdomo.

Nikaona haya, na haya ikatoka kama hasira. "Dada, hili ni jina la faili au ni barua?"

Katibu hakuwa mtu wa kutishwa. Kwetu kibanja hakitajwi kwa namba. Kinatajwa kwa mipaka yake, na majirani wakiitwa mmoja mmoja, na pale ulipo mlamula uliopandwa kuonyesha mwisho wa shamba. Katibu aliandika hivyo hivyo kwenye kompyuta. Folda ya kata, ndani yake ya kijiji, ya kitongoji, ya ukoo, ya baba mwenye kibanja, halafu faili yenyewe: juu nani, chini nani, kulia kijito, kushoto nani kwenye mlamula, na maneno mengine mbele. Majina yote hayo yakiunganishwa ndiyo njia ya faili. Kwenye kompyuta yake, iliyofungua folda za seva kupitia mtandao wa ofisi, njia ilianzia pafupi, ikakubali. Kwenye seva yenyewe ilianzia mbali zaidi, na hapo ikazidi kipimo.

Diski ya zamani ilikuwa bado mfukoni mwangu. Niliiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yangu ndogo. Ikagonga, ikanyamaza, ikaonekana. Nikaikuta faili. Nikajaribu kuinakili, kompyuta ikakataa kwa maneno yale yale: jina refu mno. Diski ikaanza tena kugonga.

"Nafupisha," nikasema. Nikapaka rangi kwa kipanya maneno ya mwisho ya jina ili niyafute.

"Usiguse!" Katibu alinishika mkono. "Ukimwondoa mmoja, kibanja hakina upande."

"Dada, diski inakufa!"

"Basi tafuta njia nyingine. Si wewe ndiye fundi?"

Ilikuwepo njia nyingine, na ingekuwepo miezi minane iliyopita kama ningejisumbua. Niliipa ile folda ya ndani kabisa herufi yake peke yake, kama zile C na D za diski, kana kwamba ni diski inayojitegemea, ili njia ianzie pale. Nikanakili tena. Mstari wa kijani ulitembea, ukasimama, ukatembea tena hadi mwisho. Diski ikagonga mara mbili na haikuamka tena mpaka leo.

Tukafungua sauti. Mzee, mume wa mama, alizungumza Kinyambo, lugha ya kwetu, taratibu, akikohoa. Kwanza aliwasalimu wazee wake, kisha akaanza kutaja mipaka, na mimi nikawa namfuata kwenye skrini kwa kidole. Jirani wa juu. Jirani wa chini. Kijito. Mlamula na jirani wa kushoto. Katibu hakuwa ametunga kitu, alikuwa ameandika alichosikia. Halafu mzee akasema, "Na ndani anakaa mke wangu. Asisogezwe."

Kidole changu kilikuwa kimefika kwenye maneno ya mwisho ya jina, yale niliyokuwa nimeyapaka rangi niyafute. Ndani mke.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesogeza kiti hadi karibu na meza.

"Rudisha hapo, mwanangu," akasema. "Siku ile mimi nilikuwa jikoni nawapikia wageni. Sikumsikia."