Pengo la Siku Kumi na Moja

Kwa miaka ishirini na sita, ikigonga saa tatu asubuhi, Mama Mvua aliacha chochote alichoshika akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kipima mvua cha chuo kikuu. Alitoa chupa, akamimina maji kwenye bomba la kupimia, akainama mpaka jicho likalingana na mstari, kisha akaandika milimita daftarini. Uji ukiungua, na uungue. Jina hilo majirani walimbandika kwa utani, naye, tuseme ukweli, alilipenda.

Basi alipoalikwa kwenye mhadhara wa wazi, ambapo Profesa wa chuo hicho angeeleza jinsi mvua ya kwao ilivyobadilika, alivaa gauni lake la heshima akamchukua bintiye, fundi cherehani, aliyekuwa tangu utotoni akikionea wivu kile kichupa.

"Leo utajua nilikuwa nafanya nini," alimwambia njiani, kifua mbele.

Walikaa safu ya nne. Profesa, mtu wa ulimi mtamu, alionyesha ukutani mistari miwili. Wa bluu ulikuwa wa kituo cha mlimani, yaani cha Mama Mvua. Mwekundu ulikuwa wa bondeni, kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mama hakuhitaji kuelezwa kitu. Kila nundu ya ule wa bluu aliijua: hapa choo cha jirani kilibomoka, hapa alipima huku anatetemeka kwa homa.

Mzee mmoja wa mbele akapewa maiki. "Mbona wa bluu umekatika pale?"

Profesa akatabasamu. "Ndiyo shida ya kutegemea watu. Mpimaji wetu alizembea siku kumi na moja. Bahati nzuri kituo cha pili hakina pengo hata la siku moja. Yule bwana ni mfano wa kuigwa."

Ukumbi ukacheka, kicheko cha watu wenye adabu zao.

Siku kumi na moja! Ndizo siku alizolazwa mumewe, akafa, akazikwa, na mama hakubanduka kando yake. Shemeji alipokuja kutoa pole, aliziona zile nafasi tupu daftarini akashangaa. "Shemeji, jaza tu. Tia mbili, tia saba, nani atakuuliza? Mimi wiki nzima naijaza Jumapili, nimekaa zangu kwenye kiti." Mama alikataa katakata. Mvua ya siku zile hakuiona, angeiandikaje? Pembeni akaandika: Nimefiwa na mume, sikupima. Daftari likaenda kwa Profesa, likarudi na sahihi yake chini ya ukurasa uleule.

Akanyoosha mkono. Mwenye maiki alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama saa.

"Muda umetutupa mkono," akasema.

"Mpimaji ni mimi!" Mama alikuwa amesimama, lakini makofi ya kufunga yalikwisha kuanza, na sauti yake ikafia humo. Profesa alikuwa anakusanya karatasi zake. Binti akamvuta mkono.

"Mama, kaa. Watu wanatuangalia."

Wakashika njia ya kurudi. Karibu na nyumbani binti akauliza, "Ni siku zipi hizo?"

"Za baba yako."

 Walipofika mlangoni ndipo binti akasema, taratibu, bila ubaya wowote, "Sasa mama, si ungejaza tu?"

Maneno ya Profesa yalikuwa yamemuudhi. Haya yalimkata maini.  Alivua viatu vyake vya heshima akaviweka chini ya kitanda.

Asubuhi ilinyesha, mvua ya nguvu. Saa tatu ikafika, ikapita. Binti aliinua macho kutoka kwenye cherehani yake.

"Mama, saa tatu imekupita leo."

"Nimeshaandika."

Binti akachungulia dirishani. Chupa ilikuwa kwenye kipima mvua, haijaguswa, maji yanamwagika shingoni. Akalichukua daftari mezani. Ilikuwa tarehe kumi na mbili. Nafasi zote zilikuwa zimejazwa mpaka tarehe thelathini, kwa mwandiko safi, bila pengo hata moja.

"Mama! Hii mvua ya wiki ijayo umeipimaje?"

"Nimekaa zangu kwenye kiti," Mama Mvua alisema, akakoroga uji wake, ambao kwa mara ya kwanza haukuungua. "Si nimeambiwa niige mfano?"