Jani la sale lililokaukia kwenye kompyuta

Mzee Aloisi wa Uru ametamka leo asubuhi, mbele ya wateja wa studio yangu ya picha, kwamba kompyuta yangu inakausha majani.

Wiki nzima nimewasifia programu yangu mpya ya kusafishia picha ghafi za kamera. Inamaliza picha za sherehe nzima kabla chai haijapoa. Ile ya bure iliyokuja na kamera nimeiita konokono.

Basi nikamwonyesha mzee picha yake kwenye skrini. Humo anampa kaka yake jani la sale, ambalo kwa mila yetu ndilo la kuombea msamaha, baada ya miaka ya kununiana kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo.

Akaitazama.

Akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Mwanangu, mimi nilipeleka sale mbichi. Hili limekauka."

"Ni rangi tu, mzee."

"Rangi tu? Kaka akiiona hii ukutani atasema nilimwomba msamaha kwa kuni."

Wateja wakacheka. Nyie mngemjibu nini? Pale kwenye skrini jani lilikuwa la njano kweli, na kamera haikuwa na kosa.

Nikaifungua picha ileile kwa konokono. Tukasubiri. Chai ikapoa.

Jani likatoka kijani kabisa, hata umande ukaonekana.

"Hiyo sasa ndiyo sale," akasema mzee, ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Kwa hiyo mlioniuliza mtumie programu ipi, sifa zangu za wiki nzima nazifuta. Lakini msiamue bado.

Jumamosi saa nne asubuhi mzee anamleta kaka yake aikague kabla sijaichapa.