Aliyewajua Ng'ombe kwa Majina

Wewe unayesoma, umewahi kumwambia mkubwa wako wa kazi kila kitu unachokijua? Kila kitu, bila kubakiza? Mukandayisenga alifanya hivyo, na aliyekuwa anaandika ni mimi.

Kule Kashojwa, ndani ya makazi yetu ya wakimbizi, hatua chache kutoka ofisi za Base Camp, kampuni moja ya maziwa ya Mbarara ina kituo cha kupokelea maziwa. Ni chumba cha matofali chenye tangi la kupoozea, jenereta, na benchi nje. Kwa miaka sita Mukandayisenga alikaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba hicho. Watu walimwita Mama Eliane, kwa jina la binti yake, aliyefika mgongoni mwake kutoka milima ya juu ya Uvira. Shule aliishia darasa la tano. Kwenye karatasi za kampuni alikuwa mtu wa kujitolea, na kila mwaka waliandika hivyo hivyo. Alichokuwa anakitaka ni barua ya ajira yenye jina lake na muhuri, ili kigoda kile kiwe chake kweli.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Ng'ombe akichomwa sindano ya dawa, maziwa yake hayafai kwa siku kadhaa. Ndoo moja tu ya maziwa hayo ikiingia tangini, lita zote za siku hiyo zinafika kiwandani Ruti na kukataa kuganda kuwa mtindi, zinamwagwa. Vituo vingine vya kampuni vilimwaga mara kwa mara. Kashojwa haikumwaga hata mara moja. Wakubwa wa Ruti hawakuelewa kwa nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kukaa kwenye lile benchi asubuhi.

Mimi nilikaa. Wafugaji, wengi wao Wakongo wenzetu kutoka Kivu Kusini, walikuja na makopo yao kutoka Rubondo na vijiji vya jirani. Mama Eliane hakumuuliza mtu kama ametumia dawa. Ukimuuliza mfugaji swali hilo mbele ya wenzake, atakujibu hapana kabla hujamaliza. Yeye alisalimia. Akishamaliza habari za nyumbani, aliuliza habari za ng'ombe kwa jina lake, kama unavyouliza habari za mgonjwa wa familia. Na mfugaji wa kwetu anaweza kukudanganya kuhusu umri wake, kuhusu deni, hata kuhusu mke, lakini ukimtaja ng'ombe wake kwa jina hawezi kumsingizia afya.

"Baba Muhirwa, Gaju aliamuka aje?"

"Aliamuka na shida kidogo ku ziwa. Jana munganga alimupiga sindano."

"Pole yake. Siku ngapi?"

"Alisema tatu."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. "Muhirwa, Gaju anapata munganga mbele ya bibi yako."

"Bibi yangu anajua kulalamika. Gaju ananyamaza tu."

Watu wakacheka, na katikati ya kicheko hicho Mama Eliane alichukua kipande cha kamba ya katani, akapiga mafundo matatu, akakifunga kwenye mkono wa kopo la Muhirwa. Mzee akarudi na maziwa yake kwa ndama. Kila asubuhi mzee mwenyewe alifungua fundo moja. Mafundo yakiisha, kopo linaingia tangini. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeaibishwa, hakuna hata herufi moja iliyoandikwa. Nimesoma usimamizi wa rasilimali watu miaka mitatu hapo Mbarara, nimekariri sura nzima juu ya ubunifu unaotoka kwa wafanyakazi wa ngazi ya chini, na nakuambia sijaona kitu kilichopangwa vizuri kuliko kamba ile.

Kampuni ilipoanzisha mradi wake wa kuhifadhi maarifa, ilinichukua mimi kwa miezi mitatu. Nilikuwa mtoto wa pale pale, ninajua lugha, nina shahada, na nilikuwa na moto. Niliamini kwamba yakiandikwa, wakubwa wataona, na wakiona, watatenda haki. Bwana Mbabazi, meneja wa kiwanda cha Ruti, alituambia wazi kwamba kazi ikikamilika kutakuwa na nafasi moja ya kudumu Kashojwa, na aliye karibu nayo ni mama.

Basi Mama Eliane akafungua moyo. Wiki tatu alizungumza, mimi naandika.

"We mutoto wa iniversité, utaandika mpaka lini? Ngombe bo habana kitabu."

"Endelea, maman. Na yule wa mwaka jana?"

"Ah, Bihogo wa Ngabo. Andika ile. Ile ilikuwa kali mingi."

Hapo ndipo tulipokosea, yeye na mimi. Kwetu ng'ombe hasimuliwi bila mwenyewe. Huwezi kusema ng'ombe fulani aliumwa kiwele. Utaulizwa, wa nani? Kwa hiyo kila mfano alioutoa ulikuwa na jina la ng'ombe, jina la mwenyewe, mwezi, ugonjwa na sindano. Nikaviandika vyote, tena kwa fahari. Mwishoni nikavipanga kwenye jedwali, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba jedwali humsaidia msomaji.

Jumatano moja gari la kampuni lilitupeleka Ruti. Mama Eliane alivaa kitenge cha kanisani na viatu vilivyofungwa. Nje ya ofisi, kwenye kiti cha plastiki, alikaa kijana Mrundi aitwaye Rénovat, shati limepigwa pasi, bahasha ya vyeti mapajani. Nilimfahamu kidogo, ana stashahada ya teknolojia ya chakula na alikuwa ametafuta kazi miaka miwili. Sikujiuliza alikuwa anasubiri nini.

Ndani, kitabu changu kilikuwa mezani, kimechapwa na kujaladiwa, jina la kampuni juu. Jina la Mukandayisenga halikuwepo popote kwenye jalada. Mbabazi alisimama akampa mkono.

"Mama, sisi tunafurahi na wewe sana. Hiyo kamba yako, tunaipeleka vituo vyote. Sasa itakuwa ya plastiki, na rangi. Na barua yako iko hapa."

Barua ilikuwepo kweli. Niliona muhuri. Juu yake kulikuwa na karatasi nyingine yenye majina tisa, na la kwanza lilikuwa Muhirwa. Yalitoka kwenye jedwali langu.

"Hawa watu walileta maziwa ya dawa," Mbabazi alisema. "Kesho asubuhi utawasomea majina. Tunawasimamisha miezi sita."

Mama Eliane alinitazama kwanza mimi. Halafu akamtazama yeye.

"Patron, habakuleta. Balisema. Haikuingia mu tangi."

"Kusema na kuleta iko kitu moja, mama. Makao makuu wanataka kuona hatua."

Nikaingilia. Nikasema majina yale hayakuandikwa kwa ajili hiyo.

"Uliyaandika ya nini?" Mbabazi akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli.

 

"Patron," Mama Eliane akasema, "nikisoma majina ya batu balioniambia ukweli, kesho nani ataniambia tena?"

Mbabazi akaweka kiganja juu ya kitabu. "Sasa hakuna haja ya kuambiwa. Yote iko hapa ndani. Wewe soma majina, chukua barua."

Nilijua barua ile ilikuwa nini kwa Mama Eliane. Miaka sita ya kuamka kabla ya jogoo, miaka sita ya kuitwa mtu wa kujitolea na vijana wanaoweza kuwa wanawe. Ilikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kuishika.

"Mupatie mwingine," akasema, akainuka.

Mwingine alikuwa nje tayari, na vyeti mapajani. Hapo nikaelewa kwamba walikuwa wamejiandaa kwa majibu yote mawili.

Haya ndiyo mashirika yetu yanayohubiri kila siku kwamba mtu ndiye mtaji wao mkubwa. Wanamkamua mtu kichwa mpaka tone la mwisho, kisha wanaita kile kilichobaki kwenye ndoo maarifa, na mwenyewe wanamwonyesha mlango. Hawajui kwamba alichokuwa nacho yule mama hakikuwa kichwani mwake peke yake. Kilikuwa kati yake na wale watu kwenye foleni, na hakuna jalada linaloweza kukibeba.

Njiani kurudi hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kitabu kile kinaweza kufutwa. Nikamwambia hapana, nakala zimeshatumwa.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kituoni mapema. Rénovat alikuwa amekaa kwenye kiti kipya, kitabu magotini. Alisoma majina tisa kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi. Muhirwa aliinua kopo lake akaanza kuondoka. Alipofika katikati ya foleni, Mama Eliane alikuwa amesimama hapo na maziwa ya ng'ombe wake mmoja, Sine, kama mfugaji mwingine yeyote. Mzee akasimama.

"Mama Eliane, Gaju alikukosea nini?"

Nikasogea, nikamwambia mzee kwamba aliyeandika ni mimi. "Wewe uliandika," akasema. "Nani alisema?" Akaenda zake.

Rénovat akaanza kuuliza, kama kitabu kinavyoagiza, kwa majina ya ng'ombe na kila kitu. Mayenzi ni mzima? Mzima. Bugondo je? Mzima. Watu kumi na wanane walipita mlangoni, na ng'ombe kumi na wanane wa Rubondo walikuwa na afya njema siku ile. Makopo yote yakamiminwa tangini. Hakuna aliyetania. Hakuna aliyecheka.

Zamu ya Mama Eliane ikafika.

"Mama, Sine ni mzima?"

"Apana. Aliumia kwato. Jana jioni alipigwa sindano."

Rénovat alishika kalamu bila kuandika. "Maman, munajua nitapashwa kuandika jina."

"Andika."

Akaandika jina la kumi. Mama Eliane alijitwika kopo lake akashika njia ya Rubondo, na foleni ikampisha bila mtu kumtazama usoni. Aliyemfuata akasogea, akaulizwa. Akasema ng'ombe wake ni mzima.