Rojo la Mapera la Mama Doria

Jina la Mama Doria alipewa na mumewe, fundi baiskeli, kwa sababu mwanamke huyo alizunguka nyumba yake kama askari asiyebadilishwa zamu. Bomba limefungwa? Komeo limeingia? Nani huyo anakohoa, na kwa nini? Mke wa mwanawe alipopata mimba, doria nzima ikahamia chumbani kwa mkwe.

Sababu ilikuwepo. Binti wa watu alitapika hata maji. Muuguzi wa zahanati alimpandisha kwenye mizani, akakunja uso, akasema akipungua tena atalazwa na kutundikiwa dripu. Katika vyakula vyote vya dunia hii, kimoja tu ndicho kilichokubali kushuka na kutulia: rojo zito la mapera lenye viungo, likipakwa juu ya mkate kama siagi.

Mama Doria alilipika kidogo kidogo, kwa sufuria ndogo. Mapera yaliyoiva hadi yakanukia huchemshwa, hupitishwa kwenye chujio mbegu zikabaki nyuma, kisha hurudi motoni na sukari, limau, mdalasini, iliki na karafuu chache. Baada ya hapo ni mwiko tu. Rojo hilo lina wivu: ukiligeuzia kisogo, linashika chini.

"Si upike sufuria kubwa mara moja, upumzike?" mumewe aliwahi kumshauri.

"Kubwa inaungua chini na juu bado ni uji. Mimi nimekufundisha kuziba pancha?"

Asubuhi hiyo chupa ya rojo ilikuwa tupu na mkwe amekataa chai. Mama Doria akabandika. Rojo likaanza kutokota, likirusha matone ya moto mikononi mwake, naye akilitukana kwa sauti ya chini. Mara akasikia kitu kibaya kuliko kutapika: kimya. Miguu ikamwasha. Akaenda, akachungulia mlangoni.

"Mama, nakuona," mkwe alisema toka kitandani.

"Sijaja kukuangalia. Nimefuata ufagio."

"Huo ulioushika ni mwiko."

Mama Doria akautazama ule mwiko, na hapo hapo harufu ikamfikia.

"Mama Doria!" mumewe akaita toka uani. "Unapika rojo au unachoma tairi? Maana harufu ya tairi naijua!"

Chini palikuwa peusi kama roho ya mwizi. Hata lililobaki juu lilishanyonya moshi. Ukilionja, ulimi unajuta. Mapera yaliyobaki yalitosha sufuria moja, na muuguzi alikuwa akiwasubiri kesho. Akachemsha, akachuja, akabandika tena. Rojo halijaanza hata kuwa zito, shingo yake ikageuka yenyewe kuelekea chumbani.

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, shuka begani, nywele zimesimama kila upande.

"Kaa chini, Mama. Nipe huo mwiko."

"Mwanangu, utatapika humo ndani!"

"Nikitapika atakula baba. Yeye hachagui."

"Nimekula mabaya zaidi katika ndoa hii," fundi alijibu huku akigonga ringi.

"Na ugeukie huko uani," mkwe aliongeza. "Ukinitazama tumbo linapanda. Kila nikifumbua macho nakuta jicho lako kwenye ufa wa mlango. Mimi si maziwa ya motoni."

Neno hilo lilimchoma kuliko matone ya rojo. Mama Doria akakaa kwenye kigoda, uso uani, mikono ameibana mapajani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nyuma yake mwiko ulizunguka taratibu. Kisha akasikia kijiko kikigusa sahani. Mkwe alikuwa akipima: tone likitulia bila kuzungukwa na maji, rojo limeiva.

"Bado kidogo," mkwe alisema. Pakafuata mlio wa kulamba.

Kijiko kikagusa sahani tena.

"Bado."

Kulamba tena, safari hii kwa kelele. Mama Doria alijua kwa pua peke yake kwamba rojo limeiva zamani. Hakutapika mtu. Akauma midomo, akaendelea kukodolea macho baiskeli zilizopinduliwa, machozi yakimshuka bila ruhusa.

"Vipi, limeiva?" fundi akauliza. "Nami nina mkate hapa."

"Fyata ulimi!" mkewe alimnong'oneza kwa ukali. "Linapimwa. Acha lipimwe hadi liishe."