Ushuhuda wa Fundi Seremala

Fundi aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu ni mtu wa maneno machache. Dada yake anashona nguo kiwandani kwa tajiri mmoja, yule anayekaa benchi la mbele. Kazi ikianza, mlango wa kiwanda ulikuwa unafungwa kwa kufuli kutoka nje, eti washonaji wasitoroke. Moto ungewaka humo, wangekwisha. Na kila mtu kanisani alijua.

Jumapili ile mchungaji alihubiri jinsi mitume walivyosimama mbele ya wakubwa wakakataa kunyamaza. Amina zikalia mpaka makoo yakakauka. Ulipofika wakati wa ushuhuda, fundi akasimama.

"Namshukuru Mungu dada yangu yu hai," alisema. "Maana huyu mzee wa hapa mbele anamfungia kama kuku."

Mchungaji akamkatiza kwa upole. "Ndugu yangu, hayo tutayaongea ofisini."

"Hata mitume waliitwa ofisini, baba mchungaji. Mimi nasemea hapa hapa."

Watu wakainamisha vichwa, wale wale wa amina. Hasira ikanipanda. Kisha dada mtu akasimama, na washonaji wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Wiki ile ile kufuli likaondolewa. Wazee wa kanisa nao wakampa mtu mwingine kazi ya kukarabati mabenchi, wakisema fundi hana adabu. Mpaka leo nikiyakalia naona uchungu: mitume wenyewe wakija kwetu, wazee hao hao watawaonyesha mlango.